Nani Anamsemesha Nani

Mwana Kupona binti Msham alikuwa ameugua mwaka mzima alipomwita binti yake asogee, akae, na aje na wino na karatasi. Ndivyo utendi wake unavyoanza. Baada ya beti chache tu tumekwishajua kwamba mama hana muda mrefu, kwamba binti bado ni mchanga wa mambo, na kwamba kuna neno moyoni ambalo likiachwa mpaka kesho huenda likakosa wa kulisema. Katika beti hizo za mwanzo mama hasemi kwamba anampenda mwanawe. Anamwambia akae karibu.

Utendi huo ulitungwa mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858 hivi, katika nchi ya Pate na Lamu. Nami nausomea Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, mbali na bahari ile kwa kila namna. Huku hatufukizi udi jioni. Harufu inayopanda kutoka ufukweni ni ya dagaa walioanikwa, na chakula chetu ni ugali wa muhogo. Kiamu cha Mwana Kupona kinatupa taabu. Maneno mengi hayapitiki bila faharasa. Hata hivyo, kila ninapousoma mbele ya watu wa huku, wakubwa kwa wadogo, hakuna anayeuliza mama yule anataka nini. Mkao ule wanaujua. Mgonjwa yuko kitandani, mtoto ameitwa, wageni wameombwa wasubiri uani.

Nataka kuuzungumzia mkao huo, kwa sababu ndipo ninapouona ufundi wa watunzi wetu wanapoyagusa mapenzi ya nyumbani. Shuleni tumezoea kulinganisha mashairi kwa dhamira. Swali la mtihani humtaka mwanafunzi achukue diwani mbili na kutoa hoja tatu kutoka kila diwani, naye huandika: mapenzi ya mama kwa mtoto, mapenzi ya mume kwa mke, mapenzi ya ndugu kwa ndugu. Hupata alama zake, na ni haki yake. Lakini tukiishia hapo mashairi yote yanakuwa mamoja, maana ni mtunzi gani asiyejua kwamba mama humpenda mwana? Tofauti huanza kuonekana tukiuliza jambo dogo zaidi: ndani ya shairi hili, nani anamsemesha nani, yuko wapi, na nani mwingine yuko karibu anasikia? Kila ndugu ana namna yake ya kusemeshwa. Mtoto hasemeshwi kama mke, na mama hasemeshwi kama kaka. Mtunzi hodari huipata namna hiyo kabla hajapanga kina cha kwanza, na akishaipata, mapenzi huingia shairini bila kuitwa kwa jina.

Mwana Kupona alichagua wasia. Angeweza kuchagua maombolezo, na sababu alikuwa nazo: mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyeshindana kwa miaka mingi na utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kufa, na yeye mwenyewe alikuwa amelala na maradhi ambayo hayakumwacha. Alifariki miaka michache tu baada ya kuutunga. Lakini maombolezo yangemfanya binti awe mtu wa kumtazama mama akilia. Wasia unamfanya binti awe mtu wa kupewa kazi. Shika hiki, epuka kile, mtu akija mpokee hivi, ukiitwa itika vile. Mwenye kupewa kazi huinuka na kitu mkononi.

Umbo la utendi nalo lilimfaa sana, na sidhani kama ilitokea tu. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza hufuata kina kimoja, nacho hubadilika kila ubeti mpya unapoingia. Kipande cha nne hubeba kina kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Kwake yeye ni -ya, na katika beti 102 kina hicho kinarudi mara 102. Wavuvi wa Mbaha watanielewa nikisema kinafanya kazi ya kamba ya juu ya wavu, ile inayobeba maboya: wavu mzima huning'inia hapo, na kamba ikikatika hakuna tena wavu. Sasa mfikirie mgonjwa. Mizani minane ni pumzi fupi. Mtu anayeumwa anaweza kuifikisha mwisho. Na anayeandika, ambaye ni mtoto mwenye hofu, sikio lake linasikia kina kile kikirudi na kujua kwamba jambo moja limekwisha, mama amepumzika kidogo, na jambo jingine linakuja. Umbo lenyewe linamtunza msemaji na linamtunza msikilizaji.

Yeye mwenyewe anatuonyesha alivyoifikiria kazi hiyo. Anamwambia binti kwamba atampa hirizi aifunge kwa uzi, kisha kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani. Utunzi kwake ni kupenyeza uzi kwenye kitu kimoja baada ya kingine kwa mikono ya mtu anayemfahamu atakayekivaa. Ndiyo maana mawaidha yake si ya jumla. Huja yakiwa na ukubwa wa vitu vya nyumbani. Kuna sehemu ya adabu, ya ulimi wa kweli, ya kukaa na watu; halafu inakuja sehemu ndefu ya mume, na hapo ndipo wasomaji wengi wa leo wanapokunja uso. Mume akilala, binti asimwamshe wala asiseme kwa sauti. Akae pale pale asiondoke, ili atakapoamka asihitaji kumtafuta. Asikose mtu wa kumpepea. Amnyoe, amtengeneze ndevu, amfukize udi asubuhi na jioni.

Simlazimishi msichana wa leo ayapokee yote hayo. Yapo mengi ambayo zama zimeyapita, na kuna watu waliomsoma Mwana Kupona wakaona humo utumwa wa mwanamke tu. Lakini ninaomba tusome kwa subira mpaka anapomkumbuka mume wake, maana ndipo ufundi wake unapofunuka. Anamwambia binti alivyoishi na baba yake: kwa furaha na kicheko, wasivunjiane heshima siku zote walizokaa pamoja, na mauti yalipomjia mwanamume yule, alirudia na kurudia kumwambia mkewe kwamba yu radhi naye. Tukishasikia hayo, turudi kwenye amri zile za udi na upepeo. Zimebadilika. Mtu anayesema kaa pale ili akiamka asikutafute ni mtu aliyewahi kukaa pale, akamwona mtu akiamka na kumkuta. Amri zile ni kumbukumbu zake mwenyewe alizozigeuza kuwa mafundisho, kwa kuwa mjane anayekaribia kufa hana kingine cha kumrithisha binti kuhusu ndoa ila kile alichokiona kikifanya kazi kwake. Katika shairi moja anampenda mtoto aliye mbele yake na mume aliye kaburini, na mapenzi ya pili ameyaficha ndani ya ya kwanza. Sijaona utungo mwingine wa Kiswahili uliofanya hivyo kwa utulivu kiasi hicho.

Kisha sauti inapanuka. Baada ya kujiombea dua yeye mwenyewe, na kuwaombea watoto wake na jamaa, anawageukia wanawake wote na kuwaambia wausome. Mlango uliokuwa umefungwa sasa umefunguliwa. Wasia wa chumbani umekuwa mali ya watu, na binti aliyeambiwa asogee anajikuta amekaa katikati ya wanawake wengi.

Karibu miaka tisini baadaye Shaaban Robert aliuchukua mkao huo huo na kuusogeza. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa forodha tangu 1926, na baadaye akafanya kazi katika ofisi za serikali mjini Tanga. Kwetu Tanga si jina la mbali. Kwa miongo mingi wanaume wa Songea, Umatengo na mwambao huu wa ziwa walikwenda huko kukata mkonge, wakaitwa manamba, wakaacha wake na watoto. Napenda kukumbuka kwamba katika zama hizo hizo, katika mji huo huo, karani mmoja alikuwa akiandika tenzi mbili kwa watoto wake: Hati kwa binti, Adili kwa mwana wa kiume. Baba wengi walikuwa na maneno kama yake, ila hawakuwa na kalamu.

Katika Hati binti haambiwi asogee kitandani. Anaambiwa akae kitini, aandike. Nimeufikiria sana mwanzo huo. Umbo ni lile lile la utendi, na sikio lolote lililomsikia Mwana Kupona litatambua kwamba baba huyu amemsikia pia. Lakini nyumba imebadilika. Mwenye kutoa wasia ni mzima wa afya, ni mwanamume, ni mtu wa ofisi, na anachompa mwanawe anakiita kwa jina la karatasi yenye nguvu ya sheria. Mapenzi ya baba humu yamevaa nguo za kazini. Nikiyaweka mashairi haya mawili pamoja nakiri kwamba la mama lina joto zaidi. Humo mna mwili, mna usingizi, mna ndevu na upepo. La baba lina nafasi kati ya kiti na kiti. Ila nafasi hiyo nayo ni ya kupendeza kwa namna yake, maana mtoto wa kike aliyewekwa kitini na kupewa kalamu, katika Tanganyika ya wakati ule, amepewa kitu ambacho mawaidha peke yake hayatoshi kukitoa. Baba hakusema binti zake ni sawa na wanaume. Alimpa mmoja wao kiti.

Adili nitaipita haraka. Ni kazi ya heshima, na kijana akiisoma atafaidika, lakini ninapoisoma siwaoni wale wawili. Nasikia mwalimu na darasa. Pengine mwana wa kiume, katika desturi zetu, huambiwa mambo akiwa anatembea nyuma ya baba njiani, na utendi haukupata namna ya kuyabeba matembezi hayo.

Mtu huyo huyo alipofiwa na mke wake wa kwanza, Amina, aliacha kabisa umbo la wasia. Shairi lake la maombolezo limo katika Maisha Yangu, na lina mishororo mirefu, kila mmoja vipande viwili vya mizani minane. Msikilizaji ni marehemu mwenyewe. Anaitwa kwa jina tangu neno la kwanza. Hapa hakuna amri, kwa kuwa aliyekufa hapewi kazi. Kinachobaki ni kumweleza kilichotokea, ingawa yeye ndiye aliyetokewa nacho, na kumwombea. Ubeti wa kwanza unamfananisha na ua lililochanua kisha likafunga. Na kabla ubeti haujaisha kitenzi hicho cha kufunga kinarudi, safari hii kwa ajili ya mapenzi yao, ambayo hakuna awezaye kuyafungua. Kifo kimefunga, na ndoa nayo imefunga, kwa neno moja, ndani ya pumzi chache. Mtunzi wa kawaida angetafuta tamathali ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Shaaban alilirudia neno alilokuwa nalo na kuliacha lipigane na lenyewe.

Tuna namna mbili sasa: mzazi humwagiza mtoto, na mfiwa humwita asiyeweza kuitika. Ya tatu ni ya zamani kuliko hizo, nayo ina njia ndefu hadi kufika huku ziwani.

Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu wake Zanzibar, alichapisha mwaka 1870 mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili, na humo akaweka habari za shujaa Liyongo. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyoweka makao yake Likoma katika miaka ya 1880 na kuleta meli zake ziwani, Charles Janson kwanza, kisha Chauncy Maples mwaka 1901. Mmoja wa watu wake, William Percival Johnson, alivizungukia vijiji vya mwambao huu kwa maji na kwa miguu mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Sina ushahidi kwamba Liyongo alisomwa katika meli zile, wala sidai. Nasema tu kwamba mikono iliyotia hadithi ile chapani na mikono iliyojenga makanisa ya mwambao ilikuwa ya nyumba moja. Utenzi wa Liyongo unaojulikana zaidi uliandikwa Lamu na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913.

Liyongo amefungwa. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi wanakinyang'anya kilicho kizuri. Anachofanya Liyongo ni kumtuma Saada kwa mama yake na agizo la upishi: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi watakula vizuri, wataudharau wa wishwa, na huo utamfikia.

Utazameni ufundi wa agizo hilo. Mwana yuko gerezani, pengine siku zake zinahesabika, na ujumbe wake wa mwisho kwa mama ungeweza kuwa kilio. Badala yake ni pumba na chuma. Hawezi kumsemesha mama moja kwa moja. Kati yao pana ukuta, pana walinzi, pana mtumishi ambaye lazima ayabebe maneno bila kuyapoteza. Kwa hiyo mapenzi yao hupita kwa njia ya kitu ambacho kila mwingine atakiona cha ovyo. Na kwa nini Liyongo ana hakika kwamba mama ataelewa, hatauliza maswali, hataona haya kumpelekea mwanawe mkate wa pumba? Utenzi hauelezi, na hauna haja. Agizo lisingetumwa kama pasingekuwa na hakika. Mama anaoka, tupa inafika, Liyongo anawafundisha watu ngoma ya gungu, na katika kelele za ngoma anakata minyororo.

Mwana Kupona ni mama anayemwagiza binti. Hapa ni mwana anayemwagiza mama, na katika maisha ya kawaida jambo hilo lingekuwa utovu wa adabu. Mtunzi amelifanya liwe heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu anayeagizwa amepewa jukumu la uhai.

Halafu inakuja sehemu ambayo kila ninapoisoma inabidi niiweke karatasi chini kidogo. Mtoto wa Liyongo mwenyewe, akiwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme wa Pate, anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta, na katika hali hiyo anakufa. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai na amekasirika, hakuna anayethubutu kuteka maji. Wanamwendea mama yake ambembeleze. Naye anakwenda, anasimama mbali kidogo, anamsihi mwanawe kwa maneno ya upole, na mwana hajibu. Anarudi tena siku nyingine. Hajibu. Mpaka mwili unapoanguka wenyewe.

Ukiulizwa nani anamsemesha nani hapo, utajibu nini? Mama anamsemesha maiti bila kujua. Shaaban alimsemesha Amina akijua. Tofauti hiyo ndogo ya kujua na kutojua ndiyo inayotenganisha maombolezo na msiba wenyewe ukitokea mbele yetu. Na sisi tunaosikiliza tunajua tayari kilichofanyika, kwa hiyo kila neno la upole analolisema linatuumiza kabla halijamfikia yeye. Kijumwa hakuweka hapo beti za kutuambia mama alivyompenda. Alimfanya arudi kisimani zaidi ya mara moja.

Kuhusu ndugu wa tumbo moja nitasema kwa ufupi, maana mfano mmoja unanitosha. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake ulioiuliza nchi inakwenda wapi, alizitunga gerezani tungo zilizochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo ni ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, na imejengwa kwa majibizano: huyu anasema, yule anajibu. Wengi huisoma kama habari ya watawala na watawaliwa, na wako sawa. Lakini fumbo lisingekuwa na uchungu kama majibizano ya ndugu yasingekuwa ya kweli kwanza. Ndugu hawaachiani neno la mwisho. Mshairi amewapa mizani sawa na nafasi sawa ya kujitetea, na usawa huo wa umbo unakumbusha kila dakika kwamba wawili hawa ni wa baba mmoja, hata pale mmoja anapokataa kugawana.

Ukizunguka hivi kutoka wasia hadi majibizano unamkosa mtu mmoja. Katika tungo zote nilizozitaja bibi hayumo. Mwana Kupona anasema kama mama, Shaaban kama baba na mume, Liyongo kama mwana. Lakini hapa Mbaha ukitafuta mtu anayeimba mapenzi ya nyumbani utapelekwa kwa bibi kabla ya mwingine yeyote.

Ngoma za mwambao huu zinajulikana: mganda wa wanaume, wenye mistari na hatua zilizoigwa kwenye gwaride la askari, na kioda cha wanawake. Kioda hubeba mambo mengi ya nyumbani, nayo huyasema hadharani, mbele ya wahusika wenyewe. Wakati wanaume walipokwenda kwenye mkonge wa Tanga au wakavuka kwenda migodi ya Afrika Kusini, wanawake waliobaki walikuwa na uwanja wa kuyaimbia yaliyowakuta. Huko kuna ushairi mkubwa, ila leo nataka kubaki na kitu kidogo zaidi, wimbo wa kumbembelezea mtoto alasiri, wakati mama yake anatwanga makopa ya muhogo hatua chache kutoka pale.

Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu. Ni utani wa nchi nzima, si wetu peke yetu, na kila Mtanzania aliyelelewa na bibi ameusikia. Mtoto wa miezi michache analaumiwa kwamba hajaleta kuni, kwamba amechelewa kurudi ziwani, kwamba samaki wake wadogo, kwamba bibi ataolewa na mwingine. Hapa mapenzi yamepata namna ambayo tenzi zile hazina: hayaagizi, hayaombolezi, hayabishani. Yanatania. Bibi aliye karibu na mwisho wa maisha na mtoto aliye mwanzoni wanafanywa kuwa rika moja, mke na mume, na kwa muda wa wimbo miaka yote iliyo kati yao inafutwa. Mwana Kupona alihitaji beti 102 kumfikisha binti yake kwenye ndoa. Bibi anaanza na ndoa, ili aicheze.

Na sikilizeni tena nani yuko karibu. Mtoto haelewi hata neno moja. Anayeelewa ni mkamwana anayetwanga, na nyuma yake ni mwana wa bibi, baba wa mtoto, aliyekaa kivulini akishona wavu. Mume aliyechelewa kurudi ziwani anajulikana ni nani. Samaki wadogo wanajulikana ni wa nani. Mkamwana anacheka bila kuinua kichwa, kwa kuwa ametetewa bila yeye kulalamika, na mwanamume hawezi kujibu, kwa kuwa hakuna aliyemtaja. Anayeimbiwa ni mtoto. Watu watatu wazima wamepatanishwa kwa wimbo ulioelekezwa kwa wa nne ambaye anasinzia. Liyongo alizipitisha habari zake mbele ya walinzi ndani ya mkate. Bibi anazipitisha mbele ya familia yake ndani ya mtoto, na sioni ufundi wa mmoja ukiwa chini ya ufundi wa mwingine.

Mwana Kupona alikuwa na binti wa kushika wino, na utendi wake ukanakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha. Liyongo alimpata Kijumwa, aliyekuwa mtunzi na mnakili kwa pamoja. Nyimbo za alasiri za Mbaha bado zinamngoja mnakili wake, na wanafunzi wetu wenye simu zenye kinasa sauti wanaweza kuianza kazi hiyo wiki hii. Ninachowaomba ni kwamba wasirudi na maneno ya wimbo peke yake. Waandike pia nani aliimba, mtoto alikuwa mapajani au mgongoni, saa ngapi, nani alikuwa akitwanga na nani alikuwa akishona wavu, na nani kati yao alicheka, kwa sababu bila hao nusu ya shairi inabaki uani.